Vitenge vya Kampeni

Mjukuu wangu ameleta kitenge cha kampeni, bado kinanuka rangi na wanga. Nimemwambia akitoe ndani ya nyumba yangu.

Harufu hiyo naijua. Nilikuwa mtoto, kabla tu ya vita. Mama yangu aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la mtaa wetu wa Jabe, meza moja na jirani yetu. Malori ya kampeni yalipopita yakigawa vitenge, mama alipata kitenge chenye sura ya rais aliyekuwepo, jirani akapata cha mpinzani. Mwanzoni walicheka tu.

"Mama, uyo muzee wako umemukalia!" jirani alisema, maana sura iliangukia matakoni.

"Acha nimukalie. Yeye ametukalia siku mingi."

Baadaye wateja wakaanza kuchagua samaki kwa kuangalia nguo. Mama na jirani wakaigawa meza kwa kamba, wakaacha kusalimiana. Asubuhi moja mama alimwambia, "Jirani, tuvue hivi vitu, tuuze kama zamani."

"Anza we."

"Apana. Anza we."

Nilisimama katikati na beseni kichwani, nikingoja. Hakuna aliyevua. Vita ilipofika Jabe, tulikimbia bila kuagana na jirani.