Seli Isiyoambiwa Iwe Nini

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, ambao hunirudia hata leo kila nikisikia harufu ya spiriti.

Kaka yangu Hamisi alikuwa amelala kifudifudi mkekani, nyumbani kwetu Rumonge, shati limepandishwa hadi mabegani. Miezi kadhaa nyuma alianguka kutoka juu ya mchikichi kule Kizuka akikata mikungu, na tangu hapo miguu haikumtii. Pembeni yake alichuchumaa mgeni tuliyemwita dokta kwa sababu mwenyewe alijiita hivyo. Mkononi alishika sindano iliyokwishajaa. Mama alikuwa amekubali kumwachia shamba letu la michikichi kuwa malipo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Mgeni alisema sindano ile ilibeba seli shina za kiinitete, zile seli za mwanzo kabisa, mtoto angali kitone tumboni. Zinaweza kuwa chochote mwilini, akasema, basi zitajenga uti wa mgongo mpya. Na Hamisi aache mazoezi ya hospitali, eti yanazisumbua.

Kabla ncha haijagusa ngozi, akaingia Shangazi Zaituni, dada yake baba, mwalimu wa biolojia katika lise, ile sekondari ya mjini.

"Amahoro, dokta. Ngoja kidogo. Hizo seli, nani anazilisha?"

Mgeni akacheka. "Mama mwalimu, chaki iko shuleni. Hapa iko sindano."

"Nimeuliza nani anazilisha."

Shangazi akakaa mkekani, akatueleza taratibu.

"Kuhusu uwezo wake amesema kweli. Seli hizo zikigawanyika, moja inakuwa mbili zilezile, mbili zinakuwa nne zilezile, na hakuna iliyochagua bado kuwa ngozi au damu. Lakini kubaki hivyo ni kazi. Ndani yake mna protini chache zinazowasha jeni. Zinasaidiana zisizimike, na kwa pamoja zinazizuia zile jeni za kuifanya seli iwe mfupa au moyo. Na nje, seli lazima ipate lishe na ishara kutoka katika maji inamokuzwa, kwa joto la mwili, siku zote. Ukizinyima ishara hizo, zinaanza kugeuka hovyo, au zinakufa. Chupa aliyozitolea imesafiri juani ndani ya mkoba. Sidhani kama mna kilicho hai."

"Na kama ziko hai?" aliuliza Hamisi, uso bado chini.

"Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Seli inayoweza kuwa chochote ukiitia mgongoni hivihivi, nani ataiambia iwe mshipa wa fahamu? Inaweza kuota uvimbe wenye nywele na meno ndani yake. Wenye kazi hiyo huziongoza kwanza maabara, hatua kwa hatua, mpaka ziwe aina wanayoitaka. Na hao nao bado wanajaribu."

"Shangazi, basi unaninyima miguu."

Mama akaanza kulia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mabega ya Hamisi asitikisike, na hasira ilinipanda. Nikamwambia shangazi atoke, amwache kaka apone. Alinigeukia bila kupandisha sauti.

"We mutoto, unampenda kaka yako mpaka unaogopa kuuliza? Huo si upendo. Hiyo iko haraka tu."

Haraka haina baraka, nilijua tangu mdogo. Lakini methali ni nyepesi mpaka siku ikuelemee wewe begani.

Sindano ilikuwa ingali hewani. Hamisi akajiinua kwa viwiko.

"Dokta, mujibu shangazi. Nani ataziambia ziwe nini?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, ndiyo. Lakini sindano umeshika wewe."

Akalishusha shati lake.

Mgeni alifunga mkoba akaondoka kwa barabara ya Nyanza-Lac, akituita wajinga. Asubuhi iliyofuata Hamisi alirudi kwenye mazoezi yake, akilia na kuuma meno. Sitakudanganya, mwanangu, hakupanda mchikichi tena. Lakini alikuja kukaa mwenyewe, halafu kusimama kwa magongo, na leo hii ukikosea kukamua mawese atakufokea akiwa wima.

Sasa wewe unaishi siku ambazo habari za seli hizi zinakufikia kwenye simu. Nyingine ni za kweli, na ni za kufurahisha. Zisome, maneno magumu ukiyakalia hulainika. Ila mtu akikuahidi kupona, muulize jambo lenyewe linafanyikaje, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkweli haoni aibu kukwambia, "Hapa bado hatujui." Usiache tiba unayoijua kwa sababu ya ahadi usiyoielewa, na usimshikie mgonjwa mabega kabla hujauliza.

Mola akupe afya, mwanangu, akupe subira ya kuelewa, na siku utakapolala wewe mkekani, usikose wa kukusemea. Amina.