Chumba cha Nyuma kwa Muzee Dominique

Mara ya kwanza Kanyere kukutana na Floribert, aliona mtu anayetaka kulipwa kwa kutazama tu.

"Macho na mimi niko nayo, papa," alimwambia, huku akimpimia mteja mawese.

"Uko nayo, mama. Lakini yako itatazama rangi."

Floribert alikuwa fundi wa kujenga hadi magoti yalipomchoka. Sasa alikagua nyumba za watu wanaotaka kununua: anabisha kuta, anadunga sakafu kwa chuma, anamwaga maji aone yanakimbilia wapi. Makomisyoneri, madalali wa nyumba, walimchukia, maana alipopita yeye, bei ilishuka au mauzo yalikufa.

Kanyere alitoka Butembo na watoto wanne, na hapa Bunia alikuwa ameshahamishwa katika nyumba tatu za kupanga. Alikuwa na feza za kununua nyumba moja. Si moja na nusu. Naye Yannick, komisyoneri wa nyumba aliyoitaka, alimpa hadi Jumamosi saa sita aamue, kwa sababu mnunuzi mwingine, mutu wa Niania, alikuwa ameshakuja kuiona mara mbili.

Kanyere na Floribert walivutana juu ya malipo hadi wakapatana. Ndipo Kanyere akamwambia ni nyumba gani: ya Muzee Dominique, yenye mlango wa buluu.

"Ile? Tafuta fundi mwingine," akasema Floribert.

Kanyere alidhani anataka kuongezwa. Akaongeza. Floribert akakataa. Kanyere akaongeza tena, akijiuliza: Yannick ameshamnunua huyu?

Mwishowe Floribert akasema, "Nitakuja. Ila hautanilipa kitu."

Hapo hofu ya Kanyere ikazidi. Miaka yote sokoni hajaona mtu akikataa malipo bila sababu.

Ijumaa asubuhi wakaenda, Yannick akiwa nao. Muzee Dominique aliwatolea viti. Manjanja, mabati ya paa, hayakuwa na kutu, kuta za mbele zilikuwa za matofali ya kuchoma. Kila Floribert alipobisha ukuta, Kanyere alitega sikio.

"Fundi, unabisha ukuta sawa daktari wa tumbo!" Yannick akacheka. "Iko na mimba?"

Chumba cha nyuma, kile ambamo Kanyere alikuwa ameshapanga moyoni vitanda vya watoto, Floribert hakukibisha. Alisimama mlangoni.

"Muzee Dominique, choo ya kwanza ilikuwa wapi?"

"Choo iko kule," akaonyesha ng'ambo ya ua.

"Nimesema ya kwanza."

"Batu bananunua nyumba, weye unatafuta mavi!" akasema Yannick, lakini sasa alicheka peke yake.

Kanyere alitazama uani. Kila kiwanja kina mashimo yake ya zamani. Choo kikijaa kinafukiwa, na juu yake unapandwa mgomba. Kando ya ua ilisimama migomba mitatu kwa mstari, ikiachana hatua sawa. Wa nne ungekuwepo pale penye chumba.

Floribert akaingia, akapiga chuma kwenye kona. Sementi ilipasuka kama ganda la yai, na chuma kikazama hadi kwenye ngumi yake.

"Mimi njo nilijenga hii chumba," akasema bila kumtazama mtu. "Udongo ilikuwa mubichi, nikajua itashuka. Lakini nilikuwa nahitaji kazi. Nikapiga sementi juu."

Dominique alitazama viatu vyake. Kanyere alikuwa akiwaona wanawe wanne juu ya lile ganda. Kisha akakumbuka yeye ni nani: mama wa soko, anayejua kupunguza bei.

"Muzee Dominique, mimi nanunua nyumba ya vyumba viwili. Hii ya tatu ni yako. Ubebe."

"Mama, mutu wa Niania..." akaanza Yannick.

"Mwite! Floribert bado iko hapa, atamuonyesha hii shimo."

Hakuna aliyemwita. Kufika saa nane Dominique alikuwa ameshusha bei, akaenda zake kwa watoto wake kule Aveba, ameuza, lakini si kama alivyoota. Sehemu ya Yannick ikashuka pamoja na bei. Kwa hasira akatangaza mji mzima kwamba mkaguzi anayefundisha watu ndiye huyo huyo anayejenga juu ya vyoo. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilienea. Kwa miezi miwili hakuna aliyemwita Floribert.

Kanyere alipata nyumba ambamo hakuna wa kumtoa. Watoto wanne wanabanana chumba kimoja, naye hadi leo hupiga sakafu kwa kisigino kabla hajawalaza.

Chumba cha nyuma alikibomoa Floribert mwenyewe, siku tatu, na kwa kazi hiyo alidai malipo yake. Kanyere alijaribu kupunguza. Floribert hakushuka hata kidogo, na Kanyere akalipa.