Nilifukia samaki wa msiba wa bibi yangu, nikampoteza mtani wangu

Wakuu wa ukurasa huu, salamu kutoka Tabora.

Kila gazeti linaposhuka na treni, mimi hufungua kwanza upande wa wasomaji, nione mnavyoulizana na kujibizana. Leo naomba nafasi nami. Nitasema yaliyotokea kama yalivyotokea, hata pale yanaponivua nguo.

Sikwenda shule. Kusoma nimejifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari, dukani kwa Mwarabu mmoja mjini. Ndiyo maana naogopa sana kukosea. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumsingizia.

Kazi yangu ni mlinzi wa ziwa letu dogo, kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Baraza la mtemi ndilo lililoniajiri, baada ya Bwana Samaki, yule Mzungu wa serikali, kuja kutoa sheria. Wavu usiwe na matundu membamba kuliko vidole vitatu. Kila nyumba tenga moja kwa siku, basi. Na mvua za kwanza zikianza, ziwa linafungwa, kwa sababu perege jike anabeba watoto wake mdomoni, ukimvua yeye umevua ukoo mzima.

Sheria hizo nilizikariri kama sala. Na hadi leo sizilaumu, mnielewe hapo. Samaki walikuwa wamekwisha, sasa wamerudi.

Turudi kwenye habari yenyewe.

Nina mtani, Mzaramo, jina lake Mwinshehe. Babu yake alipanda huku na msafara toka pwani, akaoa, akabaki. Wasomaji wa mbali mjue kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi hizo za mizigo. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua kitu chako na humdai. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi.

Mwinshehe ni wa umri wa baba yangu. Bibi yangu Nyamizi, aliyenilea, Mwinshehe alikuwa anamwita "mke wangu mkongwe". Mimi nilipovaa kofia ya mlinzi mara ya kwanza, alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, mjukuu wa punda wa misafara! Babu yako alibeba pembe za ndovu, wewe unabeba kofia. Mzigo ni ule ule."

Nami nikamjibu, "Nenda kwenu pwani ukacheze ngoma, mvivu wewe."

Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Bibi alifariki mvua zikiwa zimeanza. Ziwa limefungwa.

Mwinshehe alichimba kaburi, kisha akalala ndani yake. "Sitoki! Mke wangu haendi peke yake. Leteni jogoo kwanza!" Akatoka, akachukua mkongojo wa bibi, akatembea kama yeye, mgongo umepinda, akiwagombeza wakwe. Watu wenye machozi wakacheka. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu bibi afunge macho.

Tulipokwisha kuzika, waombolezaji walikuwa wengi na mboga ilikuwa mlenda tu. Mwinshehe akatoweka. Akarudi na tenga kichwani, limejaa perege wabichi, maji yanamtiririka usoni.

"Nimemwibia mlinzi!" akapiga kelele uani. "Alikuwa analia kama mtoto, hakuniona. Wanawake, pakeni chungu mafuta!"

Watu wote wakanigeukia.

Wakuu, hapo ndipo naona aibu kuandika. Sikuona mtani. Niliona tenga katika wakati wa kufunga, na macho ya watu yananipima. Nikafikiri, nikinyamaza leo, kesho kila mtu atasema mlinzi ana ndugu.

Nikaingia ndani, nikavaa kofia. Kweli, niliivaa kofia msibani kwa bibi yangu.

"Weka chini hilo tenga," nikasema.

Mwinshehe akacheka, akidhani ni zamu yangu ya kutania. "Njoo unikamate, punda."

Mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, alikuwa amekaa hapo hapo. Akasema taratibu, "Mwanangu, mwache mtani. Ukitaka ruhusa, mimi nipo, niombe."

Neno moja tu lilitakiwa. Ningeomba, angenipa. Badala yake nikajibu, "Sheria haina utani."

Mwinshehe alitua tenga, akajifuta maji usoni, akasema, "Ni kweli, bwana."

Samaki waliokamatwa hufukiwa. Nikachukua jembe lililokuwa karibu, nikawafukia nyuma ya nyumba. Nilipomaliza ndipo nikalitambua. Ni jembe Mwinshehe alilomchimbia bibi kaburi.

Watu walikula ugali na mlenda, wakaondoka mapema.

Baraza likamtoza Mwinshehe faini. Akalipa bila kubishana. Mimi nikasifiwa.

Tangu siku hiyo tukikutana njiani anasimama pembeni. "Habari za kazi, bwana." Hanitukani. Nikimwita mvivu, anasema, "Ndiyo, bwana."

Niliomba radhi, akasema hakuna kosa, nilifanya kazi yangu.

Mwezi uliopita nikaona nijaribu njia ya utani. Nikaingia uani kwake mchana, nikamkamata kuku wake mweupe mbele ya macho yake, nikaanza kukimbia naye polepole, nikingoja anifukuze, anitupie gongo, aniite mwizi mtoto wa mpagazi.

Akaniita. "Bwana, subiri."

Akaja na kamba, akamfunga kuku miguu vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kama serikali inamhitaji, mchukue."

Kuku huyo yuko kwangu hadi leo. Kumla siwezi, na kumrudisha ni kumwambia kwamba kweli sisi si watani tena. Anataga kila siku.

Nilichojifunza ni kwamba sheria ya ziwa ilikuwa na mlango, na mwenye ufunguo alikuwa ameketi mbele yangu. Nilitaka nisionekane nimekosea, nikakosea pale pasipo na baraza la kunisamehe.

Wenye watani, niambieni, utani uliokufa unafufuliwaje? Na asiye na ushauri naye aandike, anitukane kwa nafasi yake. Huku kwetu nimekosa wa kunitukana.