Dawa Iliyovuka Ziwa

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu kati ya Geita na Nkome, mgeni aliyeonekana akiinama kuchimba kitu alikuwa na maelezo ya kutoa. Watu waliokulia karibu na machimbo ya dhahabu hawamwamini mtu mwenye kiroba na jembe dogo, hata akiapa kwamba anatafuta mizizi tu. Kwa hiyo siku watafiti wa dawa walipofika kwa babu yangu, nusu ya kijiji ilijaa uani kwetu, na haikuja kuwakaribisha bali kuwachunga.

Babu alikuwa mtu wa nyoka. Sisi Wasukuma tunawaita Bayeye, wale wanaocheza ngoma na chatu shingoni, na kila mmoja ana dawa yake. Ya babu ilikuwa unga mweusi wa mizizi iliyochomwa, akiutunza ndani ya pembe ya ng'ombe. Ukichanjwa chale ukapakwa unga ule, nyoka atakuogopa, na asipokuogopa basi hutakufa. Mimi nilichanjwa miguuni na mikononi kabla sijaanza shule, na nilitembea pekupeku vichakani kwa kiburi cha mtu mwenye bima.

Watafiti walikuwa wawili: mwanamke aliyeitwa daktari, na kijana aliyembebea kisanduku cheupe chenye waya uliounganishwa na kompyuta.

"Mzee, tunataka kujua tu ndani ya unga wako kuna nini," daktari alisema baada ya shikamoo nyingi.

"Ndani kuna dawa," babu akajibu, na uani watu wakacheka.

Kijana akaweka unga kidogo kwenye kisanduku. Mistari ikapanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta, na kila aliyekuwa nyuma akasogea mbele.

"Si niliwaambia?" jirani mmoja alinong'ona. "Hiyo ni ya kupimia dhahabu."

Kisha daktari akaomba unga wa kujaza kichupa, aupeleke maabara Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Babu alipenda kusifiwa, na daktari alijua kusifu. Akakubali. Wakampa blanketi na buti ndefu za mpira, zawadi ambayo ukiifikiria vizuri ilikuwa kama tusi kwa mtu wa nyoka, lakini yeye alizivaa siku hiyo hiyo.

Ni bibi peke yake aliyenuna. Alisubiri kichupa kifungwe, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Dawa hiyo ikivuka ziwa ndani ya chupa ya mgeni, hairudi. Na inayobaki kwenye pembe inakufa."

"Mwiko huo umeutoa wapi?" babu akamuuliza.

"Kwa mama yangu."

"Mama yako alikuwa anasuka vikapu."

"Na masikio alikuwa nayo," bibi akamjibu, akaingia jikoni.

Watu waliondoka wakilinong'ona hilo, na kijijini neno la namna hiyo halihitaji ushahidi. Babu alilicheka. Lakini niliona kwamba tangu siku hiyo, kila alipoishika pembe, aliunusa unga kwanza kama mtu anayeshuku maziwa yameharibika.

Michembe ya viazi vitamu ilipoanza kuanikwa mwaka ule, bibi alinituma alasiri moja nikaikusanye juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Kifutu ni nyoka mvivu, hakimbii mtu. Alikuwa amejilaza kwenye ufa, rangi moja na jiwe, nami nikapeleka mkono pale pale alipokuwa, akaniuma. Nakumbuka maumivu yake mpaka leo: mkono uliwaka kama umechovywa kwenye mafuta ya kukaangia.

Nilifika uani nikipiga kelele. Babu alitoka na wembe na pembe yake, mtulivu kabisa, kama fundi aliyeitwa kazini.

"Nyamaza, Minza. Una dawa mwilini wewe."

Hapo ndipo bibi alipofanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kulifanya. Alimpokonya ile pembe, akaigeuza, unga wote ukamwagika chini.

"Imekufa!" alifoka. "Nilisema mbele ya watu! Umeipeleka Mwanza mwenyewe, sasa unataka kumpaka mtoto majivu?"

Nilidhani babu atampiga. Mkono aliuinua, na mimi pamoja na maumivu yangu niliuona. Lakini akatazama kuku walioanza kuuparura ule unga, akaushusha mkono taratibu. Alikuwa ameshaingiwa na shaka, na mtu mwenye shaka hapigi.

"Mpelekeni," alisema.

Jirani yetu Masanja akawasha pikipiki, bibi akapanda nyuma akanipakata. Njia nzima hakunibembeleza hata kidogo. Alimtukana Masanja kwamba anaendesha kama anapeleka mayai sokoni. Hospitalini nilichomwa sindano ya kuzima sumu, nikalazwa, nikapona. Kidole changu kimoja hakikunji mpaka leo.

Aliyeumia zaidi alikuwa babu. Ikaenea kwamba ameuza dawa ya wazee kwa buti za mpira, na hakuna aliyekuja tena kwake kuchanjwa. Nilipokuwa sekondari yule kijana wa kisanduku alirudi kuleta majibu, kwa heshima, akiwa amevua kofia.

"Mzee, unga wako unapunguza uvimbe kidogo. Lakini sumu hauigusi."

Babu akatikisa kichwa. "Mliupima ukiwa umeshakufa," alisema.

Kijana akavaa kofia yake akaaga; hata mimi, niliyekuja kusomea ufamasia, nisingeweza kumthibitishia vingine. Bibi alikuwa pembeni akichambua maharage. Hakuinua macho, na ni kule kutoinua macho kulikonishtua. Shuku yangu ilianzia hapo.

Nina tabia ya kushuku, na kazi ya dawa imeizidisha. Niliwahi kumweleza bibi kwamba ile sindano iliyoniponya hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu ya nyoka kidogo kidogo, kisha kuchuja damu yake. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe na wao wana mambo yao," alisema. Lakini nimewauliza Bayeye wengi kuhusu mwiko wa kuvuka ziwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia.

Bibi aliutunga. Nina hakika sasa. Alikuwa ameishi na ile pembe ndani ya nyumba yake, akiwaona waliopona na wasiopona, na alijua. Asingeweza kumwambia mumewe kwamba dawa ya baba zake haizuii sumu. Angeambiwa ni mchawi. Wageni walipokuja na chupa, walimletea sababu ambayo mwanamume mwenye heshima zake angeweza kuikubali.

Ningependa kuishia hapo na kumsifu. Lakini mwaka mmoja kabla sijaumwa mimi, Shija, mtoto wa jirani yetu, aliumwa na nyoka akichunga mbuzi. Babu alimchanja na kumpaka unga ule ule, na akafa kabla ya jua kuchwa. Ikasemwa mama yake alivunja mwiko fulani wa dawa, ndiyo maana ikashindwa. Bibi alisimama pale pale mlangoni, akiangalia.

Nilimuuliza akiwa mzee sana, tuko wawili tu.

"Bibi, siku ile ya Shija, ulikuwa umeshajua?"

Alivuta khanga yake mabegani.

"Siku ile," alisema, "watu wa chupa walikuwa hawajaja."

Sikuuliza tena. Mimi ninaishi kwa sababu uongo wake ulipatikana kwa wakati, na Shija yuko kaburini kwa sababu ulikuwa bado haujapatikana. Bibi na mama yake Shija waliishi ukuta kwa ukuta mpaka mwisho, wakiazimana chumvi na kusukana nywele, na siku zote yule mama aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe.