Ala Iliyong'arishwa

Juzi nilikuwa kwa seremala mmoja hapa Karatu, nimempelekea kigoda cha marehemu mama ili akaze mguu uliolegea na akipige msasa. Akaingia mama wa makamo kutoka Endulen, amekuja kuchukua ala ya mbao ya sime ya marehemu mumewe. Aliileta izibwe ufa tu.

Fundi akaitoa kabatini kwa mikono miwili. Inang'aa. Nikasema, "Imependeza," na nilimaanisha.

Yule mama aliinusa kwanza. Kisha akapitisha dole gumba karibu na mdomo wa ala, mara mbili, taratibu.

"Hapa palikuwa pamebonyea," akasema.

"Nimepajaza, mama. Nikaipiga msasa yote na vanishi juu. Hiyo ni zawadi yangu."

"Akichomoa sime, dole lake lilikaa hapa. Miaka yote. Mwanangu wa mwisho hakumwona baba yake. Nilikuwa namwambia aweke dole lake hapo."

Fundi akashika patasi, akaitazama, akairudisha mezani. Mama akaifunga ala kwenye khanga, akaaga kwa heshima, akaenda kuwahi gari.

Simlaumu fundi, maana hata mimi nilisifu. Sisi tukiona kitu kimechakaa tunadhani kinaomba msaada.

Baadaye fundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kigoda, mzee, nikifanyeje?"

Nikakigeuza. Katikati kimebonyea, kwa makalio ya mama yangu na si ya mtu mwingine.

"Kaza mguu tu," nikamwambia.