Fundi wa Maji na Ukuta wa Jirani Yangu

Juzi nilipigiwa simu kutoka Bungulu, kule Beni: fundi wetu wa maji amefariki nyumbani kwa binti yake. Nililia, sioni haya kusema. Halafu, wasomaji wangu mniwie radhi, nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka siku aliyonitia adabu hapa Butembo. Alikuja kutengeneza robine, yaani koki ya maji, ya jikoni kwangu. Ilikuwa ikivuja, nami, msomi mzima, nilikuwa nimeifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Aliufungua taratibu kama bandeji ya kidonda, akatoa kiraba kilicholika, akatia kipya. "Papa, hii robine hapana kinga," akaniambia, yaani si baiskeli.

Alipokuwa akinawa akamwona jirani yangu, mjane, akitoa vyombo nje. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umelowa tangu Pasaka, matofali ya udongo yakimeguka, na mashemeji zake walikuwa wamekata shauri: nyumba imekaa juu ya chemchemi, ibomolewe, mama arudi kwao Vuhovi. Katika mji huu wa vilima, ambako maji huchipuka popote unapochimba, nani angebisha? Mimi mwenyewe nilimshauri aondoke. Hata viti nilimbebea! Fundi hakubishana na mtu. Alifunga vane, ile kufuli ya bomba nje ya nyumba, akaupangusa ukuta kwa kitambaa, akaomba chai. Tukangoja mpaka jua likageuka. Hakuna tone. Akafungua vane, na mara ukuta ukaanza kutoa jasho mahali palepale.

"Mais, bapapa," akauliza, akimaanisha ile chemchemi yao, "source gani inasikia vane?"

Shemeji mkubwa akatazama viatu vyake. Nami vyangu.

"Donc, nabakia mu nyumba yangu?" akauliza mjane.

"Utabakia, mama. Lakini shika kle, wewe mwenyewe."

Wakabandua plasta, wakakuta kiungo cha bomba kimelegea. Mama akakikaza kwa kle, ile spana ya fundi, kwa mikono miwili, fundi amekunja yake, kisha akapiga kigelegele kilichotoa watu majumbani. "Wasingya! Wasingya!" alimshukuru kwa Kinande, akicheka na kulia. Viti tulivirudisha mbio kuliko tulivyovitoa.

Mafundi wengi huficha ujuzi wasije wakakosa kuitwa. Huyu aliugawa, na kazi haikumkaukia hata siku moja. Leo robine ikivuja mtaani kwetu, anaitwa yule mama. Nilipompelekea habari ya msiba nilimkuta chumbani mwake, ukuta mkavu nyuma yake, naye akaniketisha, tukamwombea marehemu. Sisi watu wa huku tumejifunza kufunga mizigo upesi mno, na mara nyingi kwa sababu za kweli, vita vikitukaribia. Lakini mficha uchi hazai, basi nikiri kosa langu: kabla hujamsaidia mtu kuhama kwake, chunguza kwanza maji yanatoka wapi.