Mazulia ya Kumpokea Hinke

Jikoni kwa baba mkwe wangu Rients, ukutani juu ya redio, kuna misumari minne. Mitatu ilikuwa na nishani: yake, ya marehemu mkewe, na ya mke wangu Aukje. Ni nishani ndogo za shaba, kila moja haizidi kifungo cha koti. Hupewa mtu aliyeteleza juu ya barafu ya mifereji akavizunguka vijiji vyetu saba kwa siku moja, kadi yake ikigongwa muhuri katika kila kijiji. Msumari wa nne Rients aliupigilia siku binti yake mdogo, Hinke, alipotimiza miaka kumi na miwili. Hinke sasa ana hamsini na miwili, na hadi majira haya ya baridi msumari ulikuwa mtupu. Aukje, kila tulipomtembelea mzee, aliutundikia kitambaa cha kufutia vyombo. Hinke alikiondoa kila mara.

Si kwamba hajui kuteleza. Mara ya kwanza barafu ilipasuka karibu na daraja, akatolewa majini amelowa chapachapa. Mara ya pili alikuwa na mimba ya miezi minane. Mara ya tatu alifika kijiji cha tano, kisu cha chuma chini ya kiatu chake cha kutelezea kikavunjika. Baada ya hapo huku kwetu Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, zikaja baridi za mvua tupu, na mifereji haikuganda hata kiasi cha kubeba bata.

Miaka yote hiyo Hinke alikuwa na kazi yake. Alisomea umeme, akatunza mitambo ya kiwanda cha maziwa, na kiwanda kilipofungwa akaweka meza yake katika banda walimolala ng'ombe wa babu yake. Watu humpelekea redio, taa na mashine za kahawa, lakini sifa yake imetokana na thamostati, hizi za kisasa zenye kioo, ambazo mtu akiwa njiani anaziambia kwa simu nyumba iwe na joto kiasi gani. Chama cha nyumba kilizifunga mwaka mmoja, aina moja, katika vijiji vyetu vyote saba. Kioo kiko sebuleni. Kisanduku cheupe kiko kando ya boila, mtambo unaopasha nyumba joto, na hicho ndicho kinachowasha moto.

Ndani ya kisanduku, kwenye pawa saplai, sehemu inayokilisha umeme, kuna kapasita, kidude cha kutunza umeme, ya manjano na yenye ukubwa wa tonge dogo la jibini. Kwa nje hubaki nzuri, lakini miaka inaimaliza ndani kwa ndani. Kioo kinaendelea kung'aa na kukujibu kwa adabu, huku umeme unaopita hautoshi kuishika swichi. Swichi inabaki kugonga, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa, na boila haliwaki. Mafundi wengine husema nunua mpya. Hinke husema, "Jino moja likiuma, humziki mwenye jino." Hung'oa kapasita ile, akalehemu nyingine, na nyumba ikapata joto.

Ugonjwa huu hufichuliwa na baridi kali. Siku za kawaida swichi hushika kidogo ikaachia, na mwenye nyumba hatambui kitu. Siku ya barafu inatakiwa kushika kutwa nzima, nayo haiwezi. Kwa hiyo siku aliyoingoja Hinke maisha yake yote ndiyo hiyo hiyo ambayo vijiji vyote vingemlilia.

Mimi ni katibu wa chama cha barafu cha hapa kwetu. Januari hii nilipima unene wa barafu kila sehemu na kuridhika, ila watabiri walisema mvua ingeingia usiku wa Jumamosi. Tulikuwa na siku moja tu. Jumamosi asubuhi watu walijaa kwenye mstari wa kuanzia, pua nyekundu, wamechangamka kama watoto waliofungiwa shule. Hinke alikuwa anafunga kamba za viatu simu yake ilipolia. Alikuwa Bibi Sietske wa kijiji cha pili, sauti yake sote tukaisikia.

"Hinke, mwanangu, kidude changu kinadonoa tangu alfajiri. Nimevaa makoti mawili na bado naiona pumzi yangu."

"Mwambie kesho," Aukje akanong'ona.

"Kesho atakuwa ameganda kama samaki wa dukani," Hinke akamjibu.

"Haya. Na msumari nao umeshakizoea kitambaa changu."

Hinke akanigeukia. "Shemeji, kituo cha mwisho mnafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Napiga kengele saba, kisha muhuri unaingia sandukuni."

"Hata akija shemeji yako?"

"Hasa akija shemeji yangu."

"Ndiyo maana hualikwi popote," akasema. Akaenda garini, akarudi na mfuko wa mgongoni. Ndani mlikuwa na chuma cha kulehemia, waya wa risasi wa kuyeyusha, mita, bisibisi na kopo la kapasita mpya. Akateleza.

Yaliyofuata niliyapata kwa simu siku ile, na tangu hapo nimesimuliwa na kila aliyehusika, kila mmoja akijiweka katikati.

Kwa Bibi Sietske bustani inashuka hadi mferejini. Hinke alikaa ukingoni avue viatu, lakini kamba zilikuwa zimeshaganda na vidole havimtii. Kuzifungua na kuzifunga tena katika kila nyumba kungemlia siku nzima. Bibi akaingia ndani, akatoka kinyumenyume akiliburuta zulia la sebuleni.

"Barafu ya chini ya daraja ikiwa mbovu, si mnatoka na kutembea na visu juu ya mazulia? Pita na visu vyako!"

"Bibi, hili si zulia la harusi yako?"

"Mume mwenyewe alishakufa. Pita!"

Akapita, kwa hatua za korongo, kutoka mferejini kupitia jikoni hadi kabati la boila. Akazima umeme wa boila, akafungua kisanduku, akaipima kapasita, akaing'oa. Mpya ilipokaa na umeme kurudi, swichi iligonga mara moja tu, ikashika. Boila likanguruma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi Sietske akampigia kila aliyemjua, na Bibi Sietske anajua watu.

Hinke alipofika kijiji cha tatu, mazulia mawili yalikuwa yameshatandikwa ukingoni. Alielewa bila kuambiwa. Penye zulia pana nyumba ya baridi. Kijiji cha nne kulikuwa na matatu: moja jekundu, moja la chumba cha watoto lenye picha za treni, na moja la bwana mmoja mnene aitwaye Harmen, aliyesimama juu yake mikono kiunoni.

"Kisanduku chako kinadonoa tangu lini?" Hinke akamuuliza.

"Hakidonoi. Ni chuma changu cha kuokea biskuti nyembamba, hakishiki moto."

"Na nyumba?"

"Nyumba ina joto zuri. Ingia uote."

"Harmen, kunja zulia lako kabla sijakukunja wewe ndani yake!"

Wanasema alicheka mpaka kwenye kona ya mfereji, naye Harmen bado anadai alikuwa akitania.

Shida nyingine ilikuwa kahawa. Huku hakuna fundi anayeondoka bila kahawa na biskuti moja, na kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Hinke aliinywa wima kwenye kabati la boila huku chuma kikipata moto, na biskuti akazitia mifukoni. Kila aliyemwona njiani anasema hivyo hivyo: mashavu yamewaka, mfuko wa mgongoni unarukaruka, anaimba kwa sauti isiyojua kuimba.

Kwenye kituo cha mwisho, kando ya kibanda cha supu ya njegere na chokoleti ya moto, tulimweka mzee Rients kwenye kiti, zulia chini ya miguu yake na blanketi mabegani. Kila aliyewasili alimuuliza, "Umemwona wangu?"

"Yuko kwenye boila, mzee."

"Ni binti yangu huyu tu anayeweza kuchelewa kwenye barafu kwa sababu ya joto," akasema, akaomba bakuli lingine.

Aukje alianza mchana kwa vicheko. Alasiri akaanza kwenda ukingoni na kurudi. Saa kumi ilipopita akapokea simu. "Ametoka kijiji cha sita," akaniambia, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha. "Wobbe, ukiipiga hiyo kengele utalala bandani na redio mbovu."

"Mke wangu, kanuni ni kanuni."

Saa kumi na moja ilipotimia, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya kinu cha upepo. Nikaishika kamba ya kengele. Katika maisha yangu sijawahi kuichezea kanuni ya chama, na siku ile sikuichezea. Nilijikumbusha tu inavyosema: kengele ipigwe mara saba, mara moja kwa kila kijiji. Kuhusu kasi haisemi chochote.

Nikapiga ya kwanza. Nikavua miwani, nikaifuta. Nikapiga ya pili. Nikatafuta leso, nikapenga kamasi, tundu moja la pua kwanza, kisha la pili.

"Katibu, umeganda?" kijana mmoja akauliza.

"Mwacheni," akasema Rients. "Kengele si ya kufukuzia kunguru."

Ya tatu. Ya nne. Ndipo mtu akapaza sauti, na kwenye giza la mfereji tukaona taa ya kichwani ikija mbio. Watu wakalipuka: "Hin-ke! Hin-ke!" Nami nikaligeukia daraja. Kati yetu na yeye lilikuwepo lile la mwisho, barafu ya chini yake ni nyembamba, lazima utoke upite nchi kavu, na mkeka wetu wa kupitia nilikuwa nimeamuru ukunjwe saa kumi na nusu, kama miaka yote. Palikuwa na mawe matupu. Visu juu ya mawe ni kuvunja visu, na kisu kilishamvunjikia mara moja.

Nikapiga ya tano, polepole kuliko nilivyodhani kengele inaweza kupigwa.

Aukje aliona kabla yangu. "Baba, miguu juu!" Mzee akainua miguu kama mtoto. Aukje akalinyakua zulia, akakimbia nalo, akalitandaza juu ya mawe. Halikutosha, likabaki pengo la hatua mbili. Akavua koti lake, la sufu, la bluu, lililonunuliwa Krismasi na ambalo mimi sikuruhusiwa hata kulitundika, akalitupa chini.

"Kanyaga!"

"Aukje, koti lako!"

"Kanyaga, punda wewe, ni kengele ya sita!"

Ilikuwa ya sita. Hinke akapanda, akapita zulia, akapita koti, akateremka upande wa pili, akateleza hadi mezani kwangu akaegemea kwa tumbo. Kadi ilikuwa imelowa na ina alama ya kahawa. Nikaigonga muhuri, nikausoma kuhakikisha umetoka vizuri, kisha nikarudi kwenye kamba na kuipiga ya saba.

Usiku mvua ilianza, kama walivyosema watabiri. Sisi tulikuwa jikoni kwa Rients, boila likinguruma, biskuti za mifukoni zimerundikwa kwenye sahani, nyingi zimevunjika. Hinke akaitundika nishani mwenyewe. Msumari ulikuwa umeshika kutu, ukalegea kidogo, lakini ukashika. Rients akasogeza kiti chake karibu na ukuta.

"Miaka arobaini," akasema. "Nilianza kufikiri nimeupigilia kwenye ukuta mbaya."

Aukje alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. "Sasa hiki nikitundike wapi?"

Hinke, mdomo umejaa biskuti, akaonyesha kwa kidole koti la bluu lililoanikwa kwenye kiti, lenye mpasuko mrefu ulionyooka mgongoni.

"Pale pana tundu," akasema. "Ingiza humo. Kesho niletee nilishone."

"Wewe? Na sindano?"

"Na waya wa risasi," akasema Hinke, na mzee akacheka mpaka tukamshika kiti.